Mke Mwenza wa Bibi

Hapa Msambweni nina wake wengi na sijaposa hata mmoja. Bibi yangu ni mke wangu, dada zake ni wake zangu, na ajuza yeyote anayekuja kununua viazi karai kwetu ana haki ya kuniuliza mbona leo sijamwachia pesa ya mboga. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu. Mimi ni mtu wa haya, kwa hiyo nilikuwa nainamisha kichwa mpaka kidevu kinakaribia mafuta ya moto. Nikikumbuka sasa nacheka peke yangu.

Nilipomaliza darasa la nane, karo ya sekondari haikupatikana. Mama alikwenda Mombasa kutafuta kazi, nami nikahamia kwa bibi. Yeye aliuza, mimi nikakaanga. Nilikaanga nimevaa sweta ya shule ya mikono mirefu, katika joto la Februari, jasho likinitiririka hadi kwenye kandambili. Sababu niliijua peke yangu. Kifuani kulikuwa na uzito nisioujua jina, na ulipozidi nilikuwa najiumiza mikono. Sikutaka kitu kingine duniani ila mtu asione.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Kulikuwa na harusi kwa jirani, na vijana walichorwa mikononi kwa piko, ile rangi nyeusi ya harusi, wengine wakaandikwa majina ya wachumba. Sweta yangu ilianza baada ya harusi hiyo. Bibi akakata shauri kwamba nimeandikwa jina la msichana.

"Ameniolea mke mwenza," akawaambia wateja, "tena amemficha ndani ya sweta."

Basi ikawa kazi. Mmoja akasema msichana huyo ni wa Bodo, kwa sababu wa Bodo ni wazuri. Mwingine akabisha kwamba lazima awe wa Galu, wa mahotelini, maana wa huku huku hawezi kumtoa mtu jasho kiasi kile. Niliendelea kugeuza viazi.

Alasiri moja nilikuwa nakoroga unga wa kuchovyea viazi, mikono yote miwili imo ndani ya beseni. Bibi akaja kwa nyuma, ameshaanza kucheka, akaivuta sweta hadi kwenye kiwiko.

Kicheko kilikatika. Akasogea nikawa nyuma ya leso yake, asinione mtu, kisha akaishusha ile sweta polepole.

"Anaitwa nani?" wanawake wakauliza wakinyoosha shingo.

"Hana jina," bibi akasema. "Tena sura yake mbaya."

Wakacheka wote. Bibi akaendelea kuuza, ila mtu aliyetaka chumvi tupu alitiliwa ukwaju, na aliyetaka ukwaju hakupata kitu.

Jioni, tulipokuwa tunaosha karai, aliniambia, "Mume wangu, huyu mke mwenza simtaki. Kesho tunakwenda kumshtaki hospitali."

Nikasema siendi. Akasema basi atakwenda peke yake, aeleze kwamba mume wake anapigwa nyumbani, na wakitaka kumjua ni nani atawaleta mpaka kwenye viazi. Nikaona afadhali niende.

Muuguzi alikuwa dada kijana wa bara, hana muda mrefu Pwani. Bibi akamweleza kwamba amemleta mume wake, anapigwa na mke mwenza. Muuguzi akauliza umri wa mume.

"Kumi na sita," bibi akajibu.

Kalamu ikasimama. Muuguzi akanitazama, akamtazama bibi, akaanza kumweleza kwa upole kwamba jambo hilo sheria hairuhusu. Mlango ulikuwa wazi. Benchi lote la nje likaangua kicheko, hata mama mmoja akaingia na mtoto mgongoni kumfahamisha kwamba huyu ni mjukuu, na huo ni utani. Muuguzi akajifunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Hapo mimi nami nikashindwa. Nilicheka kwa pua, kwa machozi, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Mlango ulipofungwa nilikuwa bado nahema, na sikubakiwa na pumzi ya kuogopa. Nikapandisha sweta mwenyewe.

"Hakuna mke mwenza," nikasema. "Ni mimi."

Bibi akatazama sakafu, akanishika goti. Muuguzi hakunigombeza. Aliniuliza huwa nazungumza na nani, nikasema na viazi, tukacheka tena, safari hii taratibu.

Sasa nina mshauri ninayekwenda kuonana naye pale. Nazungumza polepole, na siku nyingine tunaishia kwenye habari za ukwaju. Ile sweta tunashikia karai likiwa moto. Ule uzito haujaisha. Ukija, namwambia bibi, "Mwenzio amefika," naye huacha kila kitu akaketi nami mpaka upungue.

Juzi ulikuja tukiwa na wateja, na viazi vikaungua vyote. Watu wakalalamika. Bibi hakuinuka mkekani.

"Mimi na mume wangu tuna mazungumzo," akawaambia. "Mwenye haraka na ageuze mwenyewe."