Salama Ni Kivulini

Kiangazi kile mdogo wangu alipokuwa bado na meno ya utotoni, ua wetu wa saruji uliunguza nyayo kama kikaango. Mama alipoanika mashuka tulikimbizana, na aliyeingia kwenye kivuli cha shuka hakukamatwa. Mdogo wangu hakutulia kivulini; alipita tu kama mtu aliyesahau jambo. Tulimwita Kishada, kwani kama tiara angani, daima alikuwa akivuta uzi aende zake.

Alipokuwa mwalimu wa shule ya msingi, hangaiko hilo halikumwacha. Mwalimu mkuu alikusudia kuumwagia saruji uwanja wote wa shule ili kukomesha vumbi. Kishada akamsihi amwachie apande miti. Akakubaliwa kwa sharti: shule zikifungwa miche haijashika, saruji inamwagwa.

Miche ikapandwa, naye akawafundisha watoto mchezo: agusaye mche yu salama. Kumbe mapenzi nayo huua. Kila mapumziko waliikumbatia miche, wakaivuta, wakaizunguka, hata magome yakachubuka na mizizi ikalegea.

Jioni moja alikuja kwangu, akawa anazunguka sebuleni mpaka nikaona kizunguzungu.

"Keti, mdogo wangu. Zulia halijakukosea kitu."

"Kaka, nikiwakataza kuigusa, mchezo umekufa. Na mchezo ukifa, miche ataijali nani?"

"Sisi tulilishika shuka la mama?"

"Thubutu. Angetuchapa." Akasimama pale pale. Kisha akachukua mkoba wake, chai akaiacha ikitoa mvuke.

Kesho yake sheria ikageuka: salama ni kivulini, na agusaye mti ndiye atakayewakimbiza wenzake.

"Mwalimu, kivuli chenyewe hakitoshi hata unyayo," mtoto mmoja alinung'unika.

"Upeni mche maji, unenepe."

Wakaanza kuimwagilia kwa maji waliyonawia mikono. Hata hivyo Kishada hakutulia. Kila alfajiri alipima majani kwa macho.

Karibu na kufunga shule, mwalimu mkuu alikatiza uwanjani wakati wa mapumziko. Binti mdogo akamgusa mkono.

"Umekamatwa, Mwalimu Mkuu. Zamu yako kukimbiza."

Mzee yule akatazama huku na huku, akachuchumaa kwenye kivuli cha mche uliochipua.

"Bega tu ndilo liko kivulini," binti akasema. "Mwili wote uliobaki ni wangu."

Shule zilipofungwa, saruji ikamwagwa kwenye njia ya langoni peke yake; uwanja ukaachiwa miche.

Kishada akaomba uhamisho kwenda shule nyingine yenye uwanja mtupu. Asubuhi ya kuondoka alipita uwanjani, akaondoa jiwe lililoegemea shina moja, akalimwagia shina maji, akaenda zake.