Mwigizaji wa Chumba cha Sita

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, na mpaka leo mwili hunisisimka. Nilikuwa msichana tu, nimetoka Nakuru juzijuzi, nasoma chuo kikuu kule Kensington na kufanya kazi katika nyumba ya wazee hapahapa Sydney.

Chumba cha sita alikaa Bibi Elsie. Ujanani alikuwa nyota wa filamu zisizo na sauti. Filamu zilipoanza kusema, wakubwa wa studio walimwambia sauti yake haifai, wakamwacha, na kanda zake karibu zote zikaungua. Alipofika kwetu alikuwa hasemi kabisa.

Mimi na mwenzangu Wanjiku tulimwogesha huku tukipiga soga kwa Kiswahili, kana kwamba tunaosha vyombo. Si unajua raha ya lugha ambayo bosi haielewi! Asubuhi moja Wanjiku akauliza, "Huyu atafika Krismasi kweli?"

Nikacheka, nikambenulia Bibi mdomo, nikainua kidole kimoja. "Wiki moja tu! Halafu hiki chumba tumpe mwingine."

Tangu siku hiyo Bibi alikataa chakula. Daktari hakuona ugonjwa wowote.

Siku ya tatu, mchana, mpwa wake alileta filamu pekee iliyobaki, tukaionyesha ukutani kwenye ukumbi wa kulia. Bibi akiwa msichana wa miaka ishirini alicheka, akalia, akaomba asiuawe, kimya kabisa. Nikamtazama Bibi kando yangu: uso wake uliokunjamana ulikuwa ukifanya yaleyale, wakati uleule. Kisha akanigeukia. Akabenua mdomo, akacheka bila sauti, akainua kidole kimoja. Ulikuwa uso wangu wa asubuhi ile, mwanangu! Nilijiona, nikajichukia.

Nilipiga magoti mbele ya wote. "Nisamehe, Bibi," nikasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilinipotea. Akafungua kinywa, kama anayengoja kijiko. Nikakimbilia uji.

Aliishi miezi minane zaidi. Nilimlisha mimi, na tulipendana kwa namna yetu. Lakini kila asubuhi nilipofungua mlango, alikuwa ameshauvaa uso wangu ule, ananingoja. Nikishamsalimia, ndipo alipouvua, akawa yeye.

Jumatatu unaanza kazi ya kulea wazee kule Minto. Mtu aliye mikononi mwako usimseme, kwa lugha yoyote ile, neno usiloweza kumwambia macho kwa macho. Msalimie hata asipojibu. Mwambie unachotaka kumfanyia kabla hujamgusa. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na siku ukizeeka akupe wa kukuogesha kwa heshima.