Kina Mwenyewe

Mume wangu Taib alikuwa mshoni wa kanzu pale Kibokoni, na jua likianza kupinda hutoa cherehani yake akaiweka barazani, mbele ya mlango wetu. Usidhani alifuata upepo. Alifuata maneno. Kila alasiri baada ya swala baraza ile ilijaa wanaume, na kila alasiri walizungumza yale yale. Mwambao utajitenga na bara au haujitengi? Mwezi ukionekana Lamu, na sisi Mombasa tufunge? Mimi mkewe, Mwanabaraka, nilikuwa nyuma ya dirisha nikichambua mchele, na wallahi ningeweza kuwajibia wote pasi na kuinua kichwa.

Taib naye alichoka. Mtu akifungua kinywa tu, yeye keshamjibu. "Hilo lishajibiwa, bwana. Lete jipya." Watu wakacheka, wakamsifu, na sifa zikamlevya. Ikafika hadi akawa hasikilizi swali. Husikia mwanzo wake, akalimalizia mwenyewe. Ndani nako vivyo hivyo. Nikisema, "Baba Khairiya, hebu nisikilize," huniambia, "Chumvi imekwisha, najua." Chumvi! Tumeoana miaka yote ile, na mwanamume adhani nina neno moja tu.

Lililomuudhi kuliko yote lilikuwa kasha. Mamake alimwachia kasha la mti lililopambwa kwa misumari ya shaba, na siku zile, Uhuru ukikaribia, wazungu walikuwa wakifungasha kurudi kwao, na kila mmoja ataka kasha la kizamani aondoke nalo. Madalali hawakutupa raha. Leo huyu, kesho yule. Na kwetu mtu hafiki na neno lake moja kwa moja, huanza mbali: "Bwana Taib, kuna kitu chako humo ndani..." Taib, mguu u kwenye cherehani, hujibu, "Kina mwenyewe. Hakitoki." Basi, dalali akaenda zake.

Mwaka huo huo binti yetu wa pekee, Khairiya, alipendwa na Jamaldin, karani wa maghala ya Shimanzi, mtoto wa Mzee Muhdhar muuza udi. Khairiya naye alimtaka. Hakuniambia kwa mdomo, lakini mama haambiwi. Sisi wanawake wa pande mbili tulishanong'onezana, tukapatana kwamba Mzee Muhdhar aje kuposa. Mara ngapi nilijaribu kumwambia Taib kuna wageni watakuja? Nikianza tu, "Mambo ya Khairiya...," yeye ageukia ukutani: "Akipata mtu ataozwa. Tushasema hilo." Asikie nini huyo!

Ikawa Alhamisi. Nachungulia, namuona Mzee Muhdhar yuwaja, kavaa joho. Joho, na si siku ya Idi wala ya harusi! Nikajua posa imefika. Khairiya alikuwa akisuka ukili wa mkeka, akautupa, akaja kujibanza begani kwangu.

"Masalkheri, Bwana Taib."

"Masalkheri, mzee wangu. Karibu kitako." Kichwa hakikuinuka. Cherehani ikaendelea kulia.

Mzee Muhdhar akakaa, akauliza hali za wakubwa na wadogo, akakohoa, kisha akasema kwa adabu zake zote: "Bwana Taib, muna kitu chenu humo ndani. Sisi kwetu kimetupendeza. Nimekuja kutazama kama..."

"Kina mwenyewe," asema Taib. "Tangu zamani. Na hata kingekuwa hakina, kwa watu wa biashara hakitoki nyumba hii."

Jamani! Wenzake barazani wakatazamana, maana walishaliona lile joho. Mzee Muhdhar akainuka taratibu. "Haya, Alhamdulillahi," akasema, akaenda zake. Na mume wangu akakata uzi kwa meno.

Khairiya hakulia. Aliniuliza, "Mama, nina mwenyewe? Ni nani?"

Ningekaaje kitako? Nilizunguka ua, nikaingia jikoni nikatoka, nikamwita aje ndani, "Baba Khairiya! Ndoo kuno!" Akanijibu kutoka nje, "Chumvi nitanunua!" Ebo! Nikavuta buibui, nikatokea mlango wa uani. Nikamfuata mzee wa watu vichochoroni, kiatu chataka kunitoka, hadi nikampata karibu na msikiti. Mwanamke wa heshima kumsimamisha mwanamume njiani! Nilijua watasema. Nao waseme.

"Mzee Muhdhar, alidhani wataka kasha!"

"Nakuamini, mwanangu. Lakini nimefukuzwa mbele za watu. Neno la barazani halitengenezwi kichochoroni, nami siwezi kurudi kuuliza nililokwisha jibiwa. Jumamosi nitampelekea Jamaldin posa kwengine."

Taib alipoingia ndani nilimshukia. Sikumpa nafasi ya kunijibu. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu nikamweleza mpaka mwisho. Alipofahamu, akakaa sakafuni. "Mbona hukuniambia?" akasema. Hapo nusura nimrushie mbuzi wa kukunia nazi.

Ubaya ni kwamba baba wa msichana hanadi bintiye. Taib akimfuata Muhdhar, mji utasema anamtembeza mtoto kama samaki wa jana. Asipomfuata, Jumamosi ndiyo hiyo. Ijumaa kutwa nyumba haikukalika. Khairiya alifagia ua uliokwisha fagiwa. Mimi nilitia mchele maji nikausahau. Taib alitia uzi kwenye sindano, akautoa, akautia tena. Nilimchukia siku ile, na nilimwonea huruma pia, maana alikuwa akimpenda mwanawe kuliko roho yake.

Alasiri baraza ilijaa kuliko siku zote. Habari zilishaenea. Mzee Muhdhar akapita akitoka msikitini, macho mbele, hakugeuka. Nikasikia cherehani imenyamaza. Taib akasimama, vipande vya nyuzi vimemganda kanzuni, akaita mbele ya wote:

"Mzee Muhdhar! Jana uliniuliza neno, nami sikulisikiliza. Niwie radhi. Nakuomba uniulize tena."

Mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akaacha. Mzee Muhdhar alisimama pale pale njiani. Nilidhani ataendelea na safari yake. Kisha akarudi hatua chache, na asizunguke mbuyu hata kidogo:

"Namtaka binti yako Khairiya awe mke wa mwanangu Jamaldin. Sitaki kitu chengine humo ndani."

Watu wakaguna. Kwetu posa haisemwi wazi namna ile, kama mtu anayeagiza nyama. Lakini mzee safari hii hakutaka kubahatisha.

Taib akafungua kinywa, neno lisitoke. Mwanamume yule aliyekuwa na jibu kabla ya swali alisimama machozi yamshuka ndevuni, na baraza nzima yamngojea. Khairiya alinibana mkono hadi ukauma. Nikangoja. Nikangoja tena. Nikaona huyu nikimwachia, mzee atatuondokea mara ya pili, nikapiga kigelegele pale dirishani, mtaa mzima ukasikia.