Jina Alilompa Wifi Yake

Vuyelwa wa Centane hakuwa mtu mbaya, na wanaomjua watakwambia hivyo hivyo. Alikuwa mama wa kukaanga maandazi njia panda, ndoa ilimshinda akarudi kwao, akaishi kwenye kibanda kinachovuja nyuma ya boma la kaka zake. Mvua ikinyesha alilala ameketi. Basi mtu wa namna hiyo ukimwonyesha chumba kikavu, moyo humtikisika.

Aliyemwonyesha ni kaka yake mkubwa, Mncedisi. Kaka yao mdogo, Mzimkhulu, alikuwa amefariki, na nyumba yake nzuri ya matofali ilibaki na mjane, Bulelwa. Mncedisi alidai yule si mjane wa mtu. Ni kweli ng'ombe wa mahari walipelekwa, na bibi arusi aliletwa. Lakini wiki ile baba yao alikuwa amefariki, boma lina msiba, na yule mbuzi ambaye bibi arusi huonjeshwa nyama yake ili awe mtu wa ukoo hakuchinjwa. Wakasema watachinja baadaye. Unajua baadaye za watu. Kwa hiyo, alisema Mncedisi, hakuna mbuzi, hakuna mke. Nyumba ni ya ukoo, na Vuyelwa atapata chumba cha mbele. Kazi yake ni kwenda tu mahakamani kusema anachokijua.

Vuyelwa akaenda. Hakimu alikuwa binti mdogo, miwani puani. Akamuuliza kama anamfahamu Bulelwa.

"Namfahamu, mheshimiwa. Alikuwa akikaa tu na marehemu. Kwetu hakuolewa."

Akasema hivyo huku akitazama sakafu. Bulelwa alikuwa amesimama muda wote, mguu wake mbaya umeanza kutetemeka, uso umemwiva. Vuyelwa alimwona kwa pembe ya jicho, na maneno yakamtoka kabla ya akili:

"Nofezile, keti bwana, huo mguu utavimba."

Mncedisi akafumba macho.

"Nofezile ndiye nani?" hakimu akauliza.

Vuyelwa akavuta shali mdomoni. Kule kwao mke hupewa jina jipya siku anapopokelewa, na binti wa nyumba ndiye humpa. Msichana anayekaa na mwanamume tu hapewi. Kila mtu chumbani alilijua hilo, hata karani.

"Mama, nimekuuliza. Nani alimpa jina hilo?"

"Mimi, mheshimiwa." Sauti ilikuwa ndogo. "Nilimkalisha mkekani, nikampa maziwa mgando, nikamwita Nofezile. Mbuzi ndiye hatukumchinja."

Mzee mmoja nyuma akacheka, akasema njia ya mwongo fupi kweli. Hakimu akamnyamazisha. Kisha akasema kwamba katiba ya nchi inazitambua mila zao kuwa sheria, ila inampa kila mtu heshima yake na usawa wake, mwanamke kama mwanamume. Ukoo uliompokea mtu, ukampa jina na kumwita mke miaka yote, hauwezi kumgeuza mgeni siku ya mali kwa ajili ya mbuzi ambaye ukoo wenyewe haukumchinja. Bulelwa alikuwa mke. Nyumba ni yake.

Nje Mncedisi alimpita dada yake kama jiwe la njiani. Hilo halikumuumiza Vuyelwa sana. Lililomuumiza ni kwamba angeweza kusema ukweli tangu mwanzo, na hakusema. Ukweli ulimponyoka tu.

Kesho yake alikwenda nyumba ya matofali, akasimama mlangoni, shali imefunika mdomo. Alikuwa amejipangia maneno tangu alfajiri. Bulelwa akafungua.

"Ingia, wifi," akasema. "Ila leo usiniombe kitu, hata msamaha. Sijawa nao."

Vuyelwa akaingia, akaketi chini karibu na mlango. Chai ikaletwa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa, asithubutu kuinywa.