Friji Zangu Tatu

Katika simu ya mwenyekiti wetu mimi nina friji tatu, mashine mbili za kufulia, kitanda cha mtoto mchanga na meza ya kulia chakula ya watu sita. Ukizitazama picha zilizomo utadhani nimejenga. Ukweli ni kwamba nakaa na wanawake wengine watano katika chumba kimoja, kitanda changu ni cha juu, na katika friji tunayotumia nina nusu rafu. Vitu vyote vya kwenye picha nilipewa mbele ya mashahidi, nikavipokea kwa mikono miwili, na kabla jua halijatua vilikuwa nyumbani kwa watu wengine. Sijutii hata kijiko. Wapo wanaosema mimi ni mkorofi. Sawa, lakini mkorofi naye ana sababu zake, na zangu ni hizi.

Nafanya usafi katika jengo moja la Jumeirah Lake Towers, hapa Dubai. Watu wa pale hawakai. Mkataba wa kazi ukiisha, mtu ana siku chache za kuondoka nchini, na vitu alivyonunua kwa fahari vinageuka mzigo. Utakuta godoro ambalo halijamaliza mwaka limeegemezwa kwenye chumba cha takataka, feni nzima na waya wake, sufuria na vifuniko vyake. Mwanzoni niliumia moyo sana. Kwetu Makueni sufuria ikitoboka hupelekwa kwa fundi, na ikitoboka tena inakuwa ya kunyweshea kuku.

Kikundi chetu cha maombi kina Wakenya wengi, Watanzania kadhaa na Mganda mmoja ambaye ni fundi umeme. Hatuna ofisi wala bango. Msimamizi wa jengo hunipa barua ya kutolea vitu vilivyoachwa, mlinzi anaisoma, na mzee mmoja wa kikundi anavipakia kwenye pikapu na kuvipeleka mtaa wa Silicon Oasis, ambako mwenyekiti na mumewe wametoa chumba kimoja cha nyumba yao kiwe stoo. Jumamosi tunakutana huko kuvifufua. Mganda hufungua majiko na pasi. Mimi nilikuwa fundi wa nguo nyumbani, kwa hiyo cherehani ni yangu. Magodoro nayavalisha vitambaa vipya, na pazia moja la sebule ya tajiri hunitolea foronya nane. Sitoi kitu ambacho mimi mwenyewe nisingekilalia. Halafu tunawapa waliofika juzi, walioachishwa kazi, mama aliyejifungua akiwa hana hata beseni.

Ila kulikuwa na sheria ya picha. Kitu hakikutoka stoo mpaka mpokeaji asimame kando yake, aweke mkono juu yake, atabasamu. Picha ilikwenda kwenye kundi letu la simu, ambamo wamo ndugu wa hapa, ndugu waliokwisha kurudi Kenya na Tanzania, na ndugu wa ndugu. Mwenyekiti hakuitunga kwa ubaya. Mwaka wa kwanza kuna mtu alikuwa anachukua vitu kuwapelekea wahitaji, kumbe wahitaji walikuwa wateja wake. Mwenyekiti aliaibika mbele ya waliotoa, na tangu hapo alishika simu yake kama askari anavyoshika rungu.

Nami nilipigwa. Nilifika kwenye kikundi baada ya kampuni iliyonileta kufungwa, nikiwa na sanduku na nguo za mwilini. Walinipa godoro, blanketi na birika la umeme. Waliniambia nipige magoti ili kichwa kiingie kwenye picha pamoja na godoro, nikapiga. Saa mbili baadaye kaka yangu aliniandikia kutoka nyumbani: Ndiyo Dubai hiyo? Mama hana simu ya picha. Alionyeshwa nje ya kanisa, mbele ya wanawake aliokuwa akiwasimulia habari zangu. Hakuniuliza kitu. Aliuza mtamba wa ng'ombe niliyemnunulia, akampa kaka nauli anitumie, na ujumbe: rudi nyumbani, huku kuna kitanda. Sikulia kampuni ilipofungwa. Kwa mtamba yule nililia.

Sasa sikilizeni habari ya Jumamosi iliyoanzisha friji hizo. Jirani mmoja wa Kitanzania alituletea mwanamke wa Singida, mjane, Mwislamu, na hakuna aliyemuuliza dini. Alikuwa amefanya kazi za ndani miaka mitatu, kisha madam wake akahama nchi na familia nzima. Alihangaika wiki kadhaa, akapata kazi ya usafi katika nyumba ndogo ya wageni huko Hatta. Kazi ilikuwa nzuri na chumba cha kulala kilikuwamo, lakini ndani ya chumba hicho kulikuwa na kuta nne na sakafu.

Alinisimulia mengine nikiwa namalizia kushona upande wa mwisho wa godoro lake. Binti yake wa miaka sita analelewa na bibi yake mzaa mama huko Singida. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alisikia kwamba ametoka kwa madam na anatangatanga. Akasema mtu asiye na pa kulala hawezi kudai mtoto kwa simu. Siku hiyohiyo alasiri wifi angefika kwa bibi, angeonyeshwa chumba kwenye simu kwa macho yake, na akikuta ni sakafu angeondoka na mtoto.

"Na wifi yangu ana rafiki yake humu kwenye kundi lenu," alisema. "Nikipigwa picha, dada, itafika Singida kabla mimi sijafika Hatta."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sababu sindano ilikuwa mkononi na mdomo ulikuwa huru.

Vitu vilikuwa tayari: kitanda cha chuma kilichofunguliwa, godoro, feni, na jiko la umeme ambalo Mganda alikuwa amelibadilisha waya. Mwenyekiti akainua simu.

"Dada, simama hapo karibu na jiko. Weka mkono juu."

Yule mwanamke alirudi nyuma hatua mbili na kuvuta mtandio. "Samahani mama, naomba nisipigwe picha."

"Ni moja tu. Hata usicheke kama hutaki."

"Naomba tu, mama. Nina sababu."

"Kila mtu ako na sababu. Sheria ni moja kwa wote. Hata mimi nilipochukua pasi nilipigwa."

"Basi piga vitu peke yake," nikasema.

"Vitu peke yake ndivyo alivyokuwa anapiga yule mwizi wetu."

Hapo alikuwa na hoja, na sikuipenda. Mzee wa pikapu alichezesha funguo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema, kwa upole tu, kama mtu anayetaka mambo yaishe.

"Huyu ameinama miaka mitatu akifagia mivungu ya watu," nikamjibu. "Hapa tunajiita ndugu. Wacha asimame."

Mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba asante ya punda ni mateke. Alinilenga mimi, maana stoo ile ndiyo iliyonistiri. Nikageuka nikamwambia punda huyo ndiye aliyeshona foronya unayolalia. Kisha nikawaambia habari ya mtamba. Sikuwahi kuisema pale. Niliisema vibaya, kwa hasira, nikirukaruka, lakini waliielewa.

Mwenyekiti aliishusha simu. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Uliniambia nitabasamu."

"Pole," alisema, na najua alimaanisha. "Lakini nikiacha leo, kesho nitawaambia nini wenye kutoa? Walishaniita mwizi kwa sababu ya mtu mwingine. Jiko halitoki bila picha."

Alijua maandiko yote kuhusu sadaka ya siri, ndiye aliyetufundisha. Lakini mtu aliyewahi kuitwa mwizi huogopa kuliko mwizi mwenyewe.

"Yalla, twende jamani," mzee alisema. "Hatta si hapa."

Yule mwanamke akaanza kuokota mkoba wake. Hakulalamika. Alikuwa anashukuru, anasema si neno, Mungu atafungua njia nyingine, na mkoba ukamponyoka. Nilipandwa na hasira ambayo hata leo sijaitubu.

"Basi nipeni mimi," nikasema.

"Nikupe nini?"

"Jiko. Na kitanda, na godoro, na feni. Mimi ni mhitaji. Sina jiko, na kitanda ninacholalia ni cha kampuni. Kuna mtu hapa anayesema sihitaji?"

Mzee alitia funguo mfukoni.

"Nikipewa kinakuwa changu?"

"Kinakuwa chako," mwenyekiti alijibu polepole. Alishaona ninakoelekea.

"Na changu nampa nimtakaye?"

Mganda ndiye aliyecheka wa kwanza. Mwenyekiti hakucheka. "Umenishinda kwa mdomo, si kwa haki."

"Piga."

Sikupiga magoti. Alilazimika kurudi nyuma mpaka mlangoni ili nienee, nami nikasimama na mkono mmoja juu ya jiko, mwingine kiunoni, uso kama wa pasipoti. Akapiga, akatuma, na akaandika chini yake jina langu, kwa sababu ni mtu wa kweli. Tulipokuwa tunapanda pikapu alikuja dirishani akanitupia mashuka mawili mapya, bado yako kwenye nailoni.

"Hayo ni yangu," alisema. "Hayamo kwenye stoo."

Njiani nilimpigia mama. Nilimwambia, mama, leo utaonyeshwa picha yangu na jiko na godoro. Usiuze kitu. Akaniuliza nimepatwa na nini tena, nikamwambia sijapatwa, nimefanya. Kaka alikuwa ameshaandika neno moja: Tena? Nikamjibu: Tena. Aibu ile niliyokuwa nikiibeba miaka minne, nilipoichukua kwa hiari yangu ilikuwa na uzito wa barua tu.

Tulifika Hatta saa kumi kasoro dakika chache. Chumba kiko nyuma ya bustani ya miche, na kuta zake zilikuwa zimeshika joto la milima. Mzee alituteremshia vitu akarudi kivulini kwenye pikapu. Tulifagia, tukawasha feni, tukaanza kufunga kitanda. Mguu wa nne ulikataa. Skrubu ilikuwa ya upana mwingine, na simu ikaanza kulia.

"Pokea," nikamwambia. "Mimi nitaushika."

Nikaingia chini ya kitanda nikaukumbatia ule mguu. Yeye akatandika shuka haraka, akaketi juu, akapokea. Nilisikia sauti ya wifi kabla ya salamu kwisha.

"Tuzungushie tuone."

Akamzungushia. Dirisha, feni, jiko ambalo juu yake maji ya chai yalikuwa yameanza kuchemka, kitanda, mashuka. Nilikuwa naona miguu yake ikizunguka chumbani, na jasho langu likidondoka sakafuni. Mtoto akauliza kama feni ile inazunguka usiku kucha. Mama yake akamwambia ndiyo. Kisha akaketi tena, na uzito wote ukaja mikononi mwangu.

"Na hilo jiko?" wifi akauliza. "Umenunua?"

Angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo.

"Nimepewa na dada yangu."

"Dada yako gani? Nyinyi mlizaliwa wewe na kaka yako tu."

Niliomba Mungu, na sikujua hata naomba nini. Kisha mwanamke yule aliyekimbia picha tangu asubuhi akainama, akaishusha simu mpaka chini ya kitanda, akanielekezea.

"Huyu hapa."

Nywele zangu zilikuwa na vumbi, nimekumbatia mguu wa kitanda, bisibisi mdomoni. Ningeweza kugeuza uso. Nilitoa bisibisi nikawatazama. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mwanamke mnene aliyevaa vizuri, na nyuma yake bibi mwembamba aliyempakata mtoto wa miaka sita ambaye miguu yake ilikuwa imeshafika chini.

"Shikamoo, mama," nikamwambia bibi.

Alisogeza uso karibu na simu, akanitazama kwa muda mrefu, mimi na ule mguu wa kitanda.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Kumbe mko wawili." Halafu akamgeukia mgeni wake, mikono bado imemzunguka mtoto. "Haya, umewaona. Malizia chai yako, mama, usije ukakosa gari la kurudi."