Kiambaza cha Mwisho cha Mama Mdogo

Nikiulizwa mama mdogo alikuwa nani, najibu alikuwa mchoraji, na swali la pili huwa ni kazi zake ziko wapi. Sina cha kuonyesha. Haikubaki hata moja, na ile ya mwisho niliiua mimi, kwa mikono yangu, tena mchana kweupe na kwa nia njema.

Alikuwa mdogo wake mama. Aliolewa upande wa Irente, kwenye kitongoji kilichokaa mtelemkoni kiasi kwamba mbuzi wa jirani wa juu walikuwa wakishuka hadi juu ya paa lako. Mumewe alifariki mapema na hakujaliwa mtoto, kwa hiyo mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa mwanawe. Nyumba zetu zote zilikuwa za viambaza, kuta za fito na udongo. Kila mwaka, sisi Walutheri vuli ikipungua kabla ya Krismasi, na majirani zetu Waislamu kabla ya Idi, wanawake walikandika kuta upya kwa udongo na samadi mbichi ya ng'ombe. Wengine walikandika wakaishia hapo. Mama mdogo alikandika, akangoja siku mbili, kisha akachora.

Rangi zake alizichimba. Udongo mwekundu aliutoa shambani, mweupe kando ya kijito, wa manjano mahali alipokataa kutuonyesha, na weusi ulikuwa masizi ya chini ya sufuria. Brashi yake ilikuwa kijiti kilichotafunwa ncha, unyoya wa kuku, na zaidi kidole chake cha shahada. Alianza na nyumba yake, majirani wakamwita, mwisho hapakuwa na harusi kitongojini ambayo bibi arusi aliingia nyumba isiyopakwa na mama mdogo. Kabla ya kuchora alikaa na mwenye nyumba jikoni, akamenya naye ndizi, akamuuliza anapenda nini na anaudhika na nini. Halafu akatoka nje akamchorea ukuta ambao haukufanana na wa mtu mwingine. Mmoja alipewa matuta ya mahindi yaliyopinda, mwingine hondohondo wenye midomo mikubwa, na jirani yetu mmoja mwenye maneno mengi alichorewa kuku tu, kuku ukuta mzima, akafurahi asijue kwamba anataniwa.

Mwaka wa Uhuru katibu wa tawi la chama alimtaka achore bendera kwenye ukuta wa pale tulipofanyia mikutano. Nyeusi alikuwa nayo, njano alikuwa nayo. Kijani hakikuwamo ardhini, akakisugua kutoka kwenye majani ya maboga. Siku ya sherehe ilipendeza sana na sisi watoto tuliimba mbele yake. Baada ya wiki tatu kijani kilikuwa kimegeuka rangi ya chai iliyolala. Katibu alikuja amefura, akasema nchi imeaibishwa.

"Niwie radhi, baba," mama mdogo akamjibu. "Nileteeni udongo wa kijani, nitachora hata leo jioni."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Huyo ndiye mama mdogo ninayempenda kumkumbuka, na ningependa hadithi iishie hapo.

Likaja tangazo la vijiji vya Ujamaa. Kitongoji chetu kiliambiwa kihame mtelemkoni, kishuke karibu na barabara, tupate shule, zahanati na bomba la maji. Sitasema hatukuvipata, maana shule hiyo ndiyo niliyokuja kufundisha. Lakini watu walihama na mabati yao, milango yao, hata fito zilizokuwa nzima. Kuta ziliachwa. Ziliachwa kuta za nyumba kama ishirini hivi, hazina paa, na masika ilikuwa njiani. Nilipanda na mama mdogo mara moja kwenda kuziangalia. Alitembea kutoka ukuta hadi ukuta kama mtu anayesalimia wagonjwa.

Huko chini akajenga tena, akakandika tena. Lakini sasa wakubwa walikuwa wakihimiza nyumba bora, tofali za kuchoma na chokaa nyeupe, na aliyechorewa ukuta alionekana mshamba. Nani aliwaambia watoto darasani kwamba kuta za udongo hufuga kunguni na funza? Mimi. Mwalimu mpya, gauni limepigwa pasi, nimetoka chuoni najua kila kitu. Watoto walipeleka maneno nyumbani, na mama zao wakaacha kumwita mama yangu mdogo. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Desemba moja, bila kualikwa na mtu, aliukandika upya ukuta wa mbele wa nyumba yake na akachora kwa siku kumi na mbili. Alichora nyumba zote za kule juu. Kila nyumba aliipa kipande chake na pambo lake lilelile la zamani, zikashuka ukutani kwa mpangilio wa mtelemko wetu, za juu juu, za chini chini. Wanawake walikuja kuangalia, wale wale wenye chokaa, kila mmoja akiweka kidole: hii yangu, hii ya mama mkwe, hii ya marehemu. Mwenye kuku alilia waziwazi. Mwezi wa pili mama mdogo akapatwa na kiharusi. Kikauchukua mkono wa kulia wote, na sehemu kubwa ya macho.

Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa wa mwisho, na wote tulilijua hilo. Kuta zake hazikudumu zaidi ya mwaka. Aliyezidumisha ni yeye, kwa kuzikwangua na kuzirudia. Sasa mkono haukuwapo, na mtu wa kumfundisha hakuwapo, maana mimi niliyepaswa kujifunza nilikuwa nafundisha habari za kunguni. Basi alipokuja shuleni afisa utamaduni kukagua kwaya, nilimkamata mlangoni. Nikamweleza habari za ukuta nikimwomba aupige picha. Alisikiliza vizuri. Alisema kamera iko Tanga, atarudi nayo mvua za masika zikikatika.

Masika ilikuwa wiki mbili mbele yetu. Nikashuka Lushoto mjini kwa seremala anayetengeneza makabati, nikachukua vanishi. Nilichagua Jumapili ambayo majirani walimpeleka mama mdogo kanisani wakimbeba kwenye kiti. Nikaupaka ukuta wote, mara mbili. Rangi ziliamka, nyekundu ikawa nyekundu ya damu, masizi yakang'aa, na mimi nikasimama najipongeza kama mjinga.

Aliporudi aliomba asogezwe ukutani. Akapitisha mkono wa kushoto, akanusa vidole. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini maneno yalieleweka.

"Umeufunga," akasema.

"Nimeukinga na mvua, mama mdogo. Maji hayapiti tena."

"Mwanangu, ukuta huu hunywa maji kwa chini, halafu huyatolea hapa mbele. Sasa yatatokea wapi?"

Nikamweleza sayansi yangu. Nilimweleza kwa upole, kama ninavyomweleza mtoto wa darasa la tatu, na jambo hilo linanichoma kuliko yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema labda mambo ya siku hizi ni hivyo.

Mvua ilinyesha siku tisa. Siku ya sita ukuta ulianza kufura, malengelenge makubwa, na ukiyagusa unasikia maji ndani. Nilichukua kisu kuyatoboa, nikazidisha. Asubuhi ya siku ya kumi tulikuwa tunakunywa uji, tukasikia kishindo. Uso wote wa ukuta ulikuwa umeachia kwa pamoja, umelala uani vipande vipande, vanishi bado inang'aa. Nyuma yake zilibaki fito na udongo mtupu uliolowa.

 Mama mdogo alinituma niite wanawake, akaagiza mikeka. Tulivibeba vile vipande siku nzima, na yeye kwenye kiti akavipapasa kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akituambia kipi kikae karibu na kipi. Vingi vilimeguka mikononi mwetu. Hata hivyo jioni tulikuwa na mikeka mitatu, na ukijua unachotazama uliweza kuona mabawa mawili ya hondohondo, kuku kadhaa, matuta.

"Afisa atapiga hivi hivi," akasema. "Zinatosha."

Afisa alikuja mvua zilipokatika, kama alivyoahidi, na kamera ndani ya mfuko wake shingoni. Mama mdogo alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, tukamkalisha nyuma ya mikeka. Afisa akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akainama kuangalia. Akazunguka mikeka mara moja. Kisha akanivuta pembeni, akaniambia kwa adabu kwamba filamu aliyopewa ni kidogo na ana kata mbili za kwenda, na kwamba huu, samahani mwalimu, ni udongo tu. Hakuitoa kamera kwenye mfuko wake. Akaaga, akaenda zake.

Mama mdogo alikuwa bado amenyoosha mgongo, uso ameuelekeza upande aliodhani afisa amesimama.

"Ameshapiga?" akaniuliza.

"Ameshapiga, mama mdogo."

Akashusha mabega, akaomba maji ya kunywa. Tangu siku hiyo, kila nilipokwenda kumwogesha, aliuliza kama picha imesafishwa. Nikasema bado iko Tanga. Nikasema wanasafisha nyingi. Nikasema mwezi ujao. Alikufa wakati wa baridi ya mwezi wa saba, na kabla ya hapo alikuwa ameshamwambia kila mwanamke kijijini kwamba nyumba zao zote zimo kwenye picha, na picha ninayo mimi.

Kwenye matanga walinijia mmoja mmoja, pole ikiisha tu, wakaniomba niwaonyeshe ya kwao. Nikawaambia ingali Tanga. Mpaka leo nikikutana nao sokoni Lushoto wananiuliza, na mwenye kuku, ambaye sasa haoni vizuri, ameniambia nimchukue mjukuu wake, akamwangalizie hiyo picha.