Makosa Kumi na Mawili

Kila nipitapo karibu na kiwanda cha mafuta ya pamba hapa Bariadi, ile harufu nzito ya mbegu zinazokamuliwa hunirudisha kidato cha tano, kwenye dawati la dirishani, nikiwa na miaka kumi na saba na nikijiona kama niliyefungiwa. Shule yetu ya bweni ilipakana na kiwanda. Harufu ile tulilala nayo kwenye mashuka.

Nilikuwa nasoma Fizikia, Kemia na Biolojia kwa sababu baba alitaka. Mimi nilitaka Historia na Kiswahili. Lakini kwetu Ngulyati baba alishawatangazia watu, hata nikienda kisimani wanawake waliniita daktari na kunipisha kwenye foleni. Mwanzoni mwa muhula nilimpelekea fomu ya kubadili masomo ili aisaini. Nilimkuta akifunga ng'ombe kwenye plau. Alisema hapana bila kuinua kichwa, nami nikarudi shuleni na fomu yangu tupu.

Basi nikaamua kufeli. Mwalimu wetu wa Kemia, Madamu Kabula, alikuwa ametangaza jaribio la haibridi ya atomu, yaani jinsi atomu inavyojipanga ili kushikana na nyingine, na tulijua kwamba atakayepata sifuri atapelekwa kwa mkuu wa shule kuhamishiwa masomo ya sanaa. Siku ilipofika alituchorea molekuli ndefu, akazungushia duara atomu kumi na mbili. Kila moja tulitakiwa kusema ni sp3, sp2 au sp. Kanuni aliyotufundisha ilikuwa fupi: hesabu majirani walioshikana na atomu, ongeza jozi za elektroni zilizokaa bila mwenza. Zikiwa nne ni sp3, tatu ni sp2, mbili ni sp.

Nilijaza haraka, kila duara jibu nililojua si lake, nikatoka nje nikijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze.

Kesho yake Madamu aliniita ofisini. Karatasi yangu ilikuwa mezani, na sifuri yake nyekundu. Hakukasirika. Alisema wenzangu walioshindwa kabisa walipata tatu au nne kwa kubahatisha, kwa hiyo alikuwa anajiuliza mimi nilikosaje zote. Kisha akaweka kalamu kwenye kaboni moja ya katikati, iliyoshikwa kwa bondi maradufu pande zote mbili, ambayo iliwaangusha hata vinara wa darasa.

"Hii ni nini?"

"Sp," nikasema kabla sijajizuia. "Majirani wake ni wawili tu."

Mdomo wangu ulikuwa umenisaliti. Madamu akatoa karatasi nyingine, akanikalisha palepale nifanye upya mbele yake. Sikuwa na ujanja tena. Nilipata zote kumi na mbili, akanipongeza, nami nikaenda kulia bafuni.

Nikasoma miaka ile miwili kwa kinyongo, nikafaulu. Udaktari sikuupata, nikawa mfamasia, na kazi yenyewe nimeizoea.

Mwaka jana, tukipepeta choroko uani, nilimsimulia baba kisa hiki. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Mimi niliomba kuacha shule nikiwa darasa la tano," akasema. "Baba yangu akakubali siku hiyohiyo, wala hakuniuliza kwa nini. Nikasema, mwanangu akiniomba jambo kama lile, nitakataa kwanza. Akirudi mara ya pili nitajua analitaka kweli."

Nikamuuliza kama kweli angeisaini ile fomu.

"Ningesaini. Nilikungoja."

Nikaendelea kupepeta. Nilikuwa nimezikumbuka likizo zote zile, yeye akiniuliza kila jioni shule inaendaje, akikaa kimya kidogo baada ya swali, na mimi nikijibu nzuri tu, nikishika njia ya chumbani.